Kuolewa 15, kupiga kura 18: Mahakama ilishasema, mbona kifungu kipo palepale?

Swali. Wakili, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa Uraia katika sekondari ya kata mkoani Geita. Nilikuwa nafundisha haki ya kupiga kura, Ibara ya 5 ya Katiba, umri miaka 18. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili akauliza: "Mwalimu, dada yangu ana miaka 15 na ameolewa. Yeye ni mtoto au mtu mzima?" Nikamjibu kwamba mahakama ilishaifuta sheria hiyo. Kesho yake akaja na Sheria ya Ndoa kwenye simu ya kaka yake, na kifungu bado kinasema 15. Nani yuko sahihi? Na kama Mahakama ya Rufani ilishaamua, kwa nini haiwezi kulilazimisha Bunge? Mwenzangu hapa ofisini anasema suala la mgombea binafsi nalo liliishia hivyohivyo.

Jibu. Mwalimu, mwambie mwanafunzi wako kwamba dada yake ni mtoto. Hilo lisikupe shaka, na nitakueleza msingi wake. Ila ile kauli kwamba mahakama "ilishaifuta sheria" inahitaji kurekebishwa kidogo, kwa sababu hapo ndipo shida yote ilipojificha.

Tuanze na maandishi yenyewe. Ibara ya 5 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 inampa kila raia aliyetimiza miaka 18 haki ya kupiga kura. Haisemi mwanamume wala mwanamke. Sheria ya Ndoa ya 1971, Sura ya 29, inayotumika Tanzania Bara, kifungu cha 13 inaweka umri wa chini wa kuoa kuwa miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke, na mahakama inaweza kuruhusu hata 14 ikiridhika kwamba kuna sababu maalumu. Kisha kifungu cha 17 kinasema msichana ambaye hajafika 18 anahitaji ridhaa ya baba. Baba akiwa amefariki, ya mama. Wote wakiwa wamefariki, ya mlezi. Na kama hao wote wamefariki, sheria haidai ridhaa ya mtu yeyote. Soma hapo mara mbili, Mwalimu. Yatima wa miaka 15 asiye na mlezi, yaani mtoto mwenye uhitaji mkubwa kuliko wote wa mtu mzima wa kumsemea, ndiye sheria inayemwacha aingie kwenye ndoa peke yake.

Sasa rudi kifungu cha 9 cha sheria hiyohiyo. Kinaitafsiri ndoa kuwa muungano wa hiari kati ya mwanamume na mwanamke, unaokusudiwa kudumu kwa muda wa maisha yao. Hiari ndiyo nguzo ya ndoa kwa mujibu wa sheria yetu. Lakini kifungu cha 17, kwa kudai ridhaa ya mzazi, kinakiri kwamba binti wa miaka 15 hawezi kuachiwa aamue mwenyewe. Kwa hiyo sheria inamwambia: huna uwezo wa kuamua, lakini uamuzi watakaoufanya wengine tutauita hiari yako. Katika miaka yote niliyofundisha somo hili sijaona mgongano mkubwa kuliko huu ndani ya sheria moja, na hapo bado hata Katiba hatujaigusa.

Katiba inataka mtu afike 18 ndipo aaminiwe kumchagua diwani, mtu atakayekaa miaka mitano na anayeweza kuondolewa kwenye uchaguzi unaofuata. Mkataba wa biashara unataka 18. Kitambulisho cha Taifa kinatolewa kwa aliyefikisha 18. Binti aliyeolewa akiwa na 15 hana kitambulisho cha NIDA cha kufungulia akaunti ya benki. Chukua binti aliyezaliwa mwaka 2003 akaolewa 2018. Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 2020 ulimkuta ana miaka 17, kwa hiyo hakupiga kura. Uliofuata ni wa Oktoba 2025, naye ana 22. Ameishi miaka saba ndani ya ndoa, pengine ana watoto wawili au watatu, ndipo anaingia kwa mara ya kwanza kwenye chumba cha kupigia kura kumchagua mbunge ambaye angeweza kuibadilisha sheria iliyomwoza.

Na si suala la karatasi tu. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 130, baada ya mabadiliko ya mwaka 1998 yanayojulikana kama SOSPA (sheria maalumu ya makosa ya kujamiiana), inasema kufanya ngono na msichana wa chini ya miaka 18 ni kubaka, hata akiwa ameridhia, isipokuwa awe ni mke wa mtu huyo, ana miaka 15 au zaidi, na hawajatengana. Tendo ni lilelile na mtoto ni yuleyule. Kinachotofautisha kifungo na fungate ni cheti cha ndoa.

Ndiyo maana Rebeca Gyumi, mwanzilishi wa Msichana Initiative, alikwenda Mahakama Kuu akiwakilishwa na wakili Jebra Kambole. Naomba ulikumbuke jina la wakili huyo, kwa kuwa litarudi kwenye habari za uchaguzi. Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vinapingana na Katiba kwa kuwa vinambagua msichana. Ikaipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha, na ikataja umri unaotakiwa: 18 kwa wote wawili.

Mwanasheria Mkuu wa Serikali akakata rufaa. Lazima nizitendee haki hoja zake, maana wapo watu wengi wenye nia njema wanaoziamini. Kiini chake ni kwamba tofauti ya umri si ubaguzi, kwa sababu wasichana na wavulana hawako katika hali moja; kwamba umri wa mtoto katika sheria nyingine si lazima uwe ndio umri wa ndoa; na kwamba sheria ya 1971 ilitungwa kwa hekima, ikizingatia mila na dini za Watanzania. Hoja hii ya mwisho ina ukweli wa kihistoria. Kabla ya 1971 kila jamii ilikuwa na ndoa yake na sheria yake, na Waraka wa Serikali Na. 1 wa 1969 ulipeleka mapendekezo kwa wananchi wayajadili kabla ya kutunga sheria moja. Kuweka umri wa chini, hata ukiwa 15, ilikuwa hatua mbele mahali ambapo hapakuwa na umri mmoja ulioandikwa kwa wote.

Lakini mwaka 1971 Katiba yetu haikuwa na sura ya haki za binadamu. Ziliingizwa mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuzisimamia Machi 1988. Baadaye Tanzania ikaridhia Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto mwaka 2003 na Itifaki ya Maputo mwaka 2007, yote miwili ikitaka 18. Mwaka 2009 Bunge lenyewe likatunga Sheria ya Mtoto inayosema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Sheria ya Ndoa ikabaki nyuma ya nchi yake. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani, ambayo ndiyo ya mwisho nchini, iliitupa rufaa ya Serikali.

Hapo sasa turudi kwenye kauli yako, "ilishaifuta". Ibara ya 30(5) ya Katiba inaipa Mahakama Kuu njia mbili inapokuta sheria inavunja haki. Inaweza kutamka kwamba sheria ni batili, basi ikafa siku hiyohiyo. Au, kama maslahi ya jamii yanataka hivyo, inaweza kuipa Serikali muda wa kurekebisha hitilafu, na wakati huo wote sheria inahesabiwa kuwa halali. Katika shauri la Gyumi mahakama ilipita njia ya pili. Kwa hiyo tarehe 9 Julai 2016 kifungu cha 13 kilikuwa bado kinafanya kazi. Serikali ilipowasilisha taarifa ya kukata rufaa, utekelezaji ukasimama tena, maana Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, Sura ya 3, inasema taarifa hiyo ikitolewa na Serikali inasimamisha hukumu. Binti wa mfano wetu, aliyeolewa 2018, aliolewa katikati ya kusubiri huko.

Wengi husoma Ibara ya 30(5) wakaishia hapo. Mimi hufundisha isomwe mpaka nukta ya mwisho. Inasema sheria itahesabiwa kuwa halali hadi hitilafu irekebishwe au muda uliowekwa uishe, na kati ya hayo mawili unaozingatiwa ni muda mfupi zaidi. Maana yake ni kwamba ule uhai wa muda haukupewa Serikali uendelee hadi itakapopata nafasi. Una mwisho. Hata tukiwa wapole, tukaanza kuhesabu mwaka mmoja upya kuanzia hukumu ya rufaa, ulikwisha Oktoba 2020. Tangu hapo, kwa usomaji wangu wa Katiba, vifungu vya 13 na 17 kwa kadiri vinavyomruhusu msichana wa chini ya 18 kuolewa havina nguvu ya kisheria. Vimechapishwa, vinaonekana kwenye simu ya kaka yake mwanafunzi wako, lakini msajili au kiongozi wa dini anayevitegemea leo anategemea kitu ambacho Katiba iliacha kukitambua. Ibara ya 64(5) inamaliza ubishi: sheria yoyote ikikiuka Katiba, Katiba ndiyo inayotamalaki.

Wapo wenzangu wasiokubaliana nami, na wana hoja moja nzito. Wanasema: ukiiondoa namba 15, sheria inabaki bila umri wowote wa msichana, na pengo ni baya kuliko kosa. Naiheshimu hoja hiyo, ndiyo pengine iliyoifanya mahakama ipite njia ya kutoa muda. Jibu langu ni kwamba mahakama haikuacha pengo. Ilitaja 18 kwenye amri yake, na Mahakama ya Rufani ikaiacha amri hiyo isimame. Zaidi ya hapo, mahakama zetu zina chombo cha zamani ambacho natamani kingetumika. Mwaka 1990, hapo kwenu kanda ya ziwa, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alikuwa na shauri la Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory. Mwanamke wa Kihaya alikuwa ameuza shamba la ukoo alilorithi, na mila iliyoandikwa mwaka 1963 ilimkataza mwanamke kuuza. Jaji hakusubiri Bunge. Alitumia sheria ya mpito ya 1984 inayoruhusu mahakama kuisoma sheria iliyokuwapo kabla ya sura ya haki kana kwamba imerekebishwa ili ilingane na Katiba, akaamua kwamba kuanzia hapo wanawake na wanaume wana haki sawa juu ya ardhi hiyo. Siku hiyohiyo, bila muswada. Sheria ya Ndoa nayo ni ya kabla ya 1984. Njia ilikuwapo.

Nije kwa mwenzako wa ofisini. Yuko sahihi kwamba suala la mgombea binafsi halijafanikiwa, lakini sababu yake ni tofauti, na tofauti hiyo ndiyo wanafunzi wanapaswa kuielewa.

Mchungaji Christopher Mtikila alishinda kwanza mwezi Oktoba 1994, Mahakama Kuu Dodoma, mbele ya Jaji Lugakingira. Hoja ilikuwa kwamba Ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki katika utawala wa nchi, na Ibara ya 20 inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama. Basi kumwambia huwezi kugombea bila chama ni kumlazimisha. Jaji akakubali. Kabla mwaka haujaisha, Bunge likapitisha marekebisho ya kumi na moja ya Katiba, Sheria Na. 34 ya 1994, yaliyoiweka Ibara ya 21 chini ya masharti ya ibara zinazodai chama. Ona jinsi mchezo ulivyobadilika, Mwalimu. Katika suala la ndoa Bunge limekaa kimya baada ya hukumu. Katika suala la mgombea binafsi Bunge lilikwenda mbio, likahamishia kikwazo ndani ya Katiba yenyewe.

Mtikila akarudi mahakamani mwaka 2005, na tarehe 5 Mei 2006 jopo la majaji watatu wa Mahakama Kuu likampa ushindi wa pili. Serikali ikakata rufaa. Juni 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani, wakiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, walitengua. Walijiuliza: je, mahakama inaweza kuitangaza ibara ya Katiba kuwa inapingana na Katiba? Wakajibu hapana. Nchini India, tangu shauri la Kesavananda Bharati la mwaka 1973, mahakama inashikilia kwamba Katiba ina misingi ambayo Bunge haliwezi kuigusa hata kwa theluthi mbili ya kura. Majaji wetu hawakuifuata njia hiyo. Walisema suala la mgombea binafsi ni la kisiasa na linapaswa kuamuliwa na Bunge.

Kwa hiyo mwambie mwenzako: kwa Gyumi sheria ya kawaida iligombana na Katiba, na hapo mahakama ina upanga. Kwa Mtikila, Katiba iligombana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ilisema haina. Sikubaliani na uamuzi wa 2010. Naona Bunge lililoshindwa mahakamani halipaswi kuruhusiwa kugeuza kushindwa kwake kuwa ibara, maana ikiwa hivyo sura nzima ya haki inaishi kwa hisani ya wabunge. Lakini nauelewa woga wa majaji. Wakishaanza kuchagua ibara ipi ya Katiba ni Katiba zaidi kuliko nyingine, nani atawawekea mpaka? Wakenya nao wamelipitia hili: Mahakama Kuu yao mwaka 2021 iliikubali hoja ya misingi isiyoguswa katika shauri la BBI, ule mpango wa kuirekebisha Katiba yao, Mahakama ya Rufani ikaafiki, na Mahakama ya Juu ikaikataa Machi 2022.

Mtikila hakuishia hapo. Pamoja na Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, alikwenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha. Tarehe 14 Juni 2013 mahakama hiyo iliamua kwamba Tanzania imevunja Mkataba wa Afrika kwa kumnyima raia nafasi ya kugombea bila chama. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, wiki chache kabla ya Uchaguzi Mkuu, na mgombea binafsi hakuwemo kwenye karatasi za kura.

Sasa yule wakili niliyekuomba umkumbuke. Ibara ya 41(7) inasema Tume ikishamtangaza mtu kuwa amechaguliwa kuwa Rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Mgombea ubunge aliyeshindwa anaweza kufungua shauri, wa urais hawezi. Wakenya wenye Katiba ya 2010 wana siku saba za kupeleka malalamiko Mahakama ya Juu, na tarehe 1 Septemba 2017 mahakama hiyo, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilibatilisha uchaguzi wa urais. Jebra Kambole aliipeleka Ibara ya 41(7) Mahakama ya Afrika, na tarehe 15 Julai 2020 ikaamuliwa kwamba inakiuka Mkataba wa Afrika. Kikwazo kikabaki Katiba ileile: mabadiliko yanahitaji Bunge. Na kufikia wakati huo Tanzania ilikuwa imeshaondoa, Novemba 2019, lile tamko lililowaruhusu raia na asasi kwenda moja kwa moja mahakama hiyo. Mlango huo ulifungwa rasmi Novemba 2020. Mashauri yaliyokuwa yamefunguliwa kabla yake yaliendelea.

Oktoba ya 2019 huwa naifundisha peke yake. Mwezi huohuo ambao Mahakama ya Rufani ilimpa Gyumi ushindi, ilitengua ushindi wa Bob Chacha Wangwe. Mei ya mwaka ule Mahakama Kuu ilikuwa imekubaliana naye kwamba wakurugenzi wa halmashauri, ambao ni wateule wa Rais, hawapaswi kuwa wasimamizi wa uchaguzi. Mahakama ya Rufani ikaona sheria ina kinga za kutosha, kikiwemo kiapo ambacho msimamizi anakula. Mwanafunzi makini atakuuliza kwa nini mahakama iliona ubaguzi dhidi ya binti kuwa wazi, lakini ikatosheka na kiapo cha mkurugenzi. Rai yangu ni hii: kwenye ndoa, ubaguzi uko kwenye maandishi, 18 huku na 15 kule, huhitaji shahidi. Kwenye usimamizi wa uchaguzi, upendeleo unapaswa kuthibitishwa kwa mwenendo wa watu, na hati za viapo hazikuishawishi mahakama. Mahakama zetu ni imara zaidi pale kosa linaposomeka kuliko linapotendeka. Ndiyo maana Desemba 2022 Mahakama Kuu haikupata taabu kuona kasoro kwenye kifungu cha Sheria ya Taifa ya Uchaguzi kilichomnyima kura kila aliyefungwa zaidi ya miezi sita. Ibara ya 5(2) inaliruhusu Bunge kumzuia mtu kwa kutiwa hatiani kwa makosa fulani, nayo sheria ilikuwa imeangalia urefu wa kifungo bila kutaja kosa.

Umeuliza kama mahakama inaweza kulilazimisha Bunge. Haiwezi kumshika mbunge mkono apige kura ya ndiyo. Inaweza kuua sheria mbovu, inaweza kuisoma upya kama alivyofanya Jaji Mwalusanya, lakini haiwezi kutunga. Hata nchi iliyojiwekea adhabu kali imekwama: Katiba ya Kenya inasema Bunge likishindwa kutunga sheria fulani ndani ya muda, Jaji Mkuu atamshauri Rais alivunje. Septemba 2020 Jaji Maraga alitoa ushauri huo kwa sababu ya kanuni kwamba wabunge wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili. Bunge halikuvunjwa.

Kwetu, Serikali imekuwa ikieleza kwamba inakusanya maoni ya wadau, hasa viongozi wa dini. Kusikiliza viongozi wa dini ni jambo jema. Lakini maoni yalipaswa kuwa kuhusu namna ya kutekeleza hukumu. Hapa yamekuwa kuhusu kama itekelezwe, na hilo halimo tena mikononi mwa mdau yeyote baada ya Mahakama ya Rufani kusema. Naandika hili kwa uchungu, maana utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2015/16 ulionyesha kwamba wanawake 31 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kufika 18.

Nimalizie kwa yule dada, kwa sababu nadhani ndiye aliyekufanya uandike.

Kama alikuwa bado mwanafunzi wa msingi au sekondari alipoolewa, Sheria ya Elimu kama ilivyorekebishwa mwaka 2016 inafanya kumwoa mwanafunzi kuwa kosa la jinai, kifungo miaka 30. Hapa kuna mwanya unaouona wewe kuliko mimi: binti aliyemaliza darasa la saba akiwa na miaka 14 au 15, akakosa kuendelea na kidato cha kwanza. Si mwanafunzi tena, kwa hiyo kifungu hicho hakimgusi, na ndiye anayewahiwa zaidi. Huyo ndiye aliyekusudiwa kulindwa na hukumu ya Gyumi, na kucheleweshwa kwa marekebisho kunamwumiza yeye kabla ya mtu mwingine yeyote.

Ndoa ambayo bado haijafungwa inaweza kuzuiwa. Sheria ya Ndoa inataka taarifa ya kusudio siku 21 kabla, na taarifa hiyo itangazwe. Mtu yeyote, si lazima awe ndugu, anaweza kuweka pingamizi kwa msajili akieleza kizuizi anachokifahamu. Wewe mwalimu unaweza. Andika barua, taja tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo kwenye rejista ya shule, taja hukumu ya Mahakama ya Rufani ya tarehe 23 Oktoba 2019, na bakiza nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Rejista yako ya mahudhurio ni ushahidi mzuri kuliko unavyofikiri, kwa sababu mara nyingi umri wa binti huongezwa siku ya posa.

Kwa ndoa iliyokwisha kufungwa, kifungu cha 38 kinasema ndoa ni batili ikiwa mmoja wao alikuwa chini ya umri wa chini wa ndoa. Kama umri huo sasa ni 18, kama ninavyoamini, mlango wa kuomba tamko la ubatili uko wazi, na watoto waliozaliwa pamoja na matunzo yake vinapaswa kuzungumziwa katika shauri hilohilo. Lakini tafadhali, usianzie mahakamani. Anzia kwake. Mwone kupitia mdogo wake au mama yake, ujue kama yuko salama, kama anapigwa, kama ana mimba, na yeye mwenyewe anataka nini. Wapo wanaotaka kutoka kesho, na wapo wanaoogopa kurudi nyumbani kuliko kubaki. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri na dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi ndio wa kwanza kuwafuata, na namba ya simu kwa mtoto ni 116, haina malipo. Kwa shauri lenyewe, tafuta msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Huduma yake hailipiwi.

Na kama alikuwa shuleni na anataka kurudi, Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 unaruhusu waliokatiza masomo kurejeshwa. Mkuu wako wa shule anao au anaweza kuupata ofisi ya elimu wilaya. Mwombe auangalie kabla muhula haujaanza, kwa sababu nafasi hujazwa mapema.